Raleigh ya mzee: ni ya mwaka gani, na inafaa kufufuliwa?

Mwalimu mmoja wa Tanga ameniandikia barua ndefu pamoja na picha 11. Nimeifupisha hivi: "Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana, ametuachia baiskeli ya mbio yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Aliinunua mkononi kwa mwanafunzi mwenzake alipokwenda kusoma Leeds, Uingereza, mwaka 1983, akarudi nayo kwa meli 1986. Aliiendesha hadi magoti yalipomshinda, na tangu hapo imekaa stoo zaidi ya miaka 15, nyumba yetu haiko mbali na bahari. Mjomba aliwahi kuipaka rangi ya kijani ya mageti, kwa hiyo maandishi yote yamefunikwa. Chini ya fremu nimesugua nikaona WB8 na tarakimu nyingine zinazofuata. Gia ya nyuma ni Shimano, mgongoni ina herufi ndogo IC. Fundi wa mtaani kwetu anasema ni ya miaka ya 60. Anashauri tuikwangue yote, tupige rangi nyekundu ya kupuliza, halafu tuifunge magurudumu ya inchi 26 ya baiskeli ya milimani kwa kuwa matairi yake hayapatikani. Anayeitaka ni mwanangu, ana miaka 19 na urefu wa sentimita 178. Je, ni baiskeli gani hii, na inafaa kutengenezwa?"

Marahaba mwalimu, na poleni sana kwa msiba. Nimeziangalia picha zako zote kwa muda mrefu. Jibu la mkato ni kwamba inafaa, mradi ipite vipimo viwili nitakavyokueleza huko mbele. Ila mwambie fundi asiguse msasa kwanza, na yale magurudumu ya inchi 26 ayaache kabisa.

Tuanze na jina. Picha ya tisa umeipiga jioni, mwanga ukiwa unatoka ubavuni, na hapo ndipo baiskeli ilipojitaja yenyewe. Rangi ya brashi haifuti stika iliyo chini yake, inaifunika tu, na kingo za stika zinabaki zimeinuka kama kovu. Kwenye lile bomba linaloteremka kutoka shingoni hadi kwenye pedali nimesoma L, E, I, G, H bila shida. Tena kwenye shingo ya fremu kuna matundu mawili madogo, moja juu ya lingine, ambapo nembo ya chuma ilikuwa imepigiliwa kwa ribiti. Hiyo ni Raleigh, na nembo iliyong'oka ni ile yenye kichwa cha korongo. Chukua tochi usiku, ilaze karibu na bomba, utasoma jina zima.

Sasa namba. Tangu 1973 Raleigh walikuwa wakipiga chapa inayoanza na herufi mbili, kisha tarakimu. Herufi ya kwanza ni ya kiwanda, ya pili ni ya mwezi, na tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka. N ni Nottingham, makao makuu yao. W ni Worksop, mji mdogo wa kaskazini ya hapo. B ni Februari. 8 peke yake ingetutatiza, maana inaweza kuwa 1978 au 1988. Bahati nzuri kiwanda cha Worksop kilifungwa 1981, kwa hiyo 1988 haiwezekani. Na 1968 haiwezekani vilevile, kwa sababu mpangilio huu wa herufi ulikuwa haujaanza. Fremu yako ni ya Februari 1978. Fundi wako wa mtaani simlaumu, baiskeli za chuma za miaka ile zinafanana sana ukiziangalia kwa mbali, lakini amekosea kama miaka kumi hivi.

Hiyo W ina uzito wake. Worksop kilikuwa kiwanda cha Carlton, watengenezaji wa baiskeli za mbio ambao Raleigh waliwanunua 1960. Nottingham walikuwa wakifyatua baiskeli kwa wingi mno, zikiwemo zile nyeusi nzito ambazo babu zetu walikwendea minadani na mashambani. Worksop ndiko zilikotengenezwa nyingi za mbio zilizo nzuri zaidi. Kwa fundi, tofauti hiyo utaikuta kwenye nyumba ya ekseli ya pedali. Raleigh nyingi za kawaida za Nottingham zina nyuzi za skrubu za peke yao, 26 kwa inchi, na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Za Worksop kwa kawaida zina nyuzi 24 kwa inchi, kipimo kilichoenea duniani na ambacho bado kinatumika mpaka leo. Yaani ekseli ikiwa imekufa, mpya utaipata.

Nikwambie na hili ili usijekudanganywa na mtu. Kungekuwa na herufi SB mwanzoni mwa namba, ningekupigia simu usiku huu huu nikuombe uifungie ndani. SB ni karakana ndogo ya Ilkeston, iliyoanza 1974, ambako zilichomelewa fremu za timu ya TI-Raleigh, timu ambayo Mholanzi Joop Zoetemelk alishinda nayo Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mwaka 1980. Hizo zina wanunuzi wake. Yako ni ndugu yao wa kijijini: imetengenezwa vizuri, na watu wanaojua kuunganisha mabomba, lakini ziko nyingi, na akija mtu kukuahidi mamilioni, hana nia njema.

Ubora wa mabomba yenyewe tutaujua kwa nguzo ya kiti. Stika ya Reynolds 531, kama ilikuwepo, ingekuwa kwenye bomba la kiti karibu na juu, na hapo sioni alama yoyote. Stika hudondoka, kwa hiyo usikate tamaa. Reynolds wa Birmingham walitoa bomba hilo la 531 mwaka 1935, na kwa miongo mingi ndilo lililotumika kwenye baiskeli za mbio za hali ya juu. Chomoa nguzo ya kiti utazame sehemu iliyokuwa imezama ndani ya bomba, mara nyingi kuna namba imepigwa chapa. Bomba la kiti kwa nje lina kipenyo cha milimita 28.6. Nguzo ikiwa ya 27.2, basi ukuta wa bomba ni kama milimita 0.7 tu kila upande, chuma chembamba chepesi, na hapo 531 inawezekana sana. Ikiwa 26.4, ukuta ni milimita 1.1, chuma cha kawaida, kizito kidogo, lakini kigumu na hakina ubaya wowote. Nguzo ikisoma namba ndogo, bomba ni nene.

Tatizo ni kwamba huenda isichomoke. Alumini ndani ya chuma, kwenye hewa ya chumvi, miaka 15, vinashikana kama vimeunganishwa kwa moto. Nimewahi kuona kijana anaibana fremu kwenye jiliwa na kuizungusha kwa bomba refu, akakunja mabomba mawili kwa dakika moja, na fremu ilikuwa nzima kabisa asubuhi ile. Msifanye hivyo. Legezeni boliti ya kiti, itoeni kabisa, wekeni mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka mdomo wa bomba, halafu igeuzeni baiskeli kichwa chini mtie mengine kupitia nyumba ya ekseli mkishaitoa. Rudieni kila jioni kwa wiki nzima. Kisha mrudishie kiti chake, mtu mmoja ashike fremu kwa mikono, mwingine azungushe kiti kulia na kushoto taratibu. Ikigoma, subirini wiki ya pili.

Nguzo ikitoka tu, ndipo unafanya kipimo cha kwanza, na hiki ndicho kitakachoamua. Mulika tochi ndani ya bomba la kiti. Kutu ya rangi ya kahawa, yenye vumbi, haina neno. Kutu inayobanduka kwa magamba ni ya kuangaliwa. Kisha ugeuze fremu, upate bisibisi nyembamba, uibonyeze kwa nguvu ya kiganja kuzunguka nyumba ya ekseli na sehemu za chini za yale mabomba membamba yanayokwenda gurudumu la nyuma, maana maji hukusanyika huko. Gonga na sarafu juu hadi chini usikilize: mlio unatakiwa uwe mkali, wa kengele. Panapojibu kwa mlio wa kufa, kama unagonga ubao uliooza, bonyeza tena hapo. Bisibisi ikizama, baiskeli imekwisha kama chombo cha kupanda mtu, itundike ukutani na uvitoe vipuri. Naandika hivyo kwa uchungu, lakini siwezi kumpandisha kijana wa miaka 19 juu ya bomba lililotoboka ndani.

Kipimo cha pili ni cha unyoofu, na hakihitaji zaidi ya uzi. Toa gurudumu la nyuma. Funga uzi kwenye jicho moja la fremu pale linapoingia ekseli, uvute hadi mbele, uzungushe shingo ya fremu, uurudishe hadi jicho la upande wa pili, uufunge ukiwa umekaza. Sasa pima kwa rula kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vilingane. Tofauti ya milimita moja au mbili fundi mzuri anainyoosha, chuma kinakubali. Halafu pitisha kidole chini ya mabomba mawili yanayoingia shingoni, sentimita chache nyuma ya shingo. Ukihisi kiwimbi, kama ngozi iliyokunjamana, ujue iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Kwenye picha ya nne sioni kitu, na foku inaonekana imekaa sawa, ila rangi ya mageti ni nene na macho yangu hayafiki huko. Kidole chako kitajua.

Ikipita hayo mawili, tuje kwenye magurudumu, ambapo nataka mnisikilize sana.

Rimu zako ni Weinmann za alumini, na kwenye picha ya sita naona chapa ya 27 x 1¼. Fundi anasema kweli kwamba tairi hizo hazipo kila duka. Lakini dawa yake si inchi 26. Tairi la inchi 27 hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 630. La baiskeli ya milimani hukaa kwenye 559. Tofauti ni milimita 71, maana yake rimu inashuka milimita 35 na nusu kutoka kwenye breki. Hakuna breki za baiskeli hii zitakazofika huko. Atalazimika kuchomelea vitu kwenye fremu, na pedali zitakuwa zinagusa lami kwenye kona.

Kuna kosa lingine linalofanana na suluhisho, na ni la hatari zaidi kwa sababu tairi lake limejaa madukani. Mtu atakuletea la Phoenix, 28 x 1½, aseme inchi moja si kitu. Hilo hukaa kwenye rimu ya 635. Kwenye rimu yako litaingia kwa urahisi, kwa kuwa limezidi kwa milimita tano. Ukilijaza upepo litakaa dakika kadhaa, kisha litaruka nje ya rimu, na mpira wa ndani utapasuka kijana akiwa kwenye mteremko. Usikubali hata kwa majaribio ya kuzunguka uwanja.

Njia nzuri ni mbili. Agizeni tairi za 27 x 1¼ zenyewe, bado zinatengenezwa, na mpira wa ndani wa 700 x 28 au 32 unaingia humo bila tatizo. Au mtafute magurudumu ya 700C, ambayo rimu yake ni 622. Tofauti ni milimita nane za kipenyo, nne tu kutoka kwenye breki, na vibao vya breki vinashushwa kwa nati. Baiskeli za mtumba za mbio zinazoingia kwenye makontena nyingi zina 700C, na matairi yake ni mengi. Angalieni tu upana wa habu ya nyuma: yako ina gia tano nyuma, kwa hiyo nafasi kati ya yale macho mawili ya fremu yanayoshika ekseli kwa kawaida ni milimita 120. Magurudumu ya gia sita na saba ni 126, na chuma kinaweza kutanuliwa hadi hapo na mtu anayejua kazi. Ya milimani ni 135, hayo hapana.

Mimi ningeanza na rimu zake mwenyewe. Zungusha kila gurudumu likiwa hewani, utazame pengo kati ya rimu na kibao cha breki. Yakiwa hayayumbi zaidi ya unene wa njiti ya kiberiti, na spoku hazijalika kutu pale zinapoingia kwenye habu, kuna miaka mingi humo bado.

Mambo mengine nayataja kwa haraka maana fundi anayajua, ila kwa baiskeli hii yana mitego. Pedali ya kushoto inafunguliwa kwa kuizungusha kama unaikaza. Kikombe cha kulia cha ekseli nacho ni kinyume, kigeuze kama unakaza ndipo kitalegea. Hapo ndipo watu huvunja spana. Mikono ya pedali haina kotapini kama ya Phoenix, ina kifuniko cha vumbi, na ndani yake panahitaji pula ya kuivuta. Akija na nyundo, mrudishe nyumbani na nyundo yake. Gololi za ekseli ni za robo inchi, 11 kila upande, za habu ya nyuma ni robo inchi tisa kila upande, na hizo ndizo zinazouzwa kila duka la baiskeli kwa bei ya chai. Badilisha zote, usichanganye za zamani na mpya. Vibao vya breki na waya zote ni vya kutupa hata kama vinaonekana vizima: raba ya miaka 30 ni ngumu kama pembe, haishiki kitu.

Mnyororo upime kwa rula ya shule. Weka sifuri katikati ya pini moja. Pini ya 24 kutoka hapo iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa moja ya nane ya inchi, mnyororo umelegea na bila shaka umekula na meno ya friwili, vibadilishwe pamoja. Ukinunua mpya, usichukue wa Phoenix, ni mpana mno kwa gia. Chukua ule mwembamba wa gia sita, saba au nane, utafanya kazi kwenye tano bila kulalamika.

Kwa ukubwa, umeniandikia bomba la kiti sentimita 57. Kwa kijana wa sentimita 178 hiyo inamkaa vizuri. Asimame ameitagaa, viatu miguuni. Kati ya bomba la juu na mwili wake pabaki vidole viwili au vitatu.

Nimefika kwenye rangi, na hapa natoa maoni yangu kama mtu aliyefungua nyingi za aina hii. Msiikwangue. Kwanza, rangi za zamani huenda zina risasi, na vumbi la msasa mkavu litaingia kwenye mapafu ya huyo kijana na ya watoto wanaocheza uani. Pili, chini ya kijani cha mjomba kuna rangi ya kiwandani iliyochomwa kwenye tanuri, ngumu kuliko ya brashi, pengine na maandishi yake yote. Chukua kitambaa chenye tepentaini, jaribu chini ya nyumba ya ekseli, mahali pasipoonekana. Kijani kikianza kuyeyuka na cha chini kikabaki, mna kazi ya uvumilivu ya wikiendi kadhaa na mtapata baiskeli ambayo hakuna rangi ya kupuliza itakayoifikia. Visipoachana, basi muiache ya kijani. Safisheni, mziguseguse sehemu zenye kutu tu, mpake nta ya magari. Rangi ya mageti haimzuii mtu kuendesha.

Gharama fanya hivi: andika kwenye karatasi tairi mbili, mipira miwili, vibao vinne vya breki, waya, mnyororo, friwili, gololi na grisi, kisha siku mbili za fundi. Nenda sokoni uulize bei ya baiskeli ya mbio ya mtumba ya ukubwa huo, ambayo nayo itahitaji nusu ya vitu hivyo hivyo. Ukiona yako imezidi kidogo, iendee. Ikizidi mara mbili, itakuwa kwa sababu ya magurudumu, na hapo mtafute ya 700C kwenye mtumba kabla ya kuamua lolote.

Nimebakiza zile herufi IC kwa makusudi. Shimano walianza kupiga chapa ya herufi mbili za tarehe mwaka 1976: herufi ya kwanza mwaka, ya pili mwezi. A ni 1976, B ni 1977, hesabu hivyo hadi I, unapata 1984. C ni Machi. Kwa hiyo gia hiyo haikutoka kiwandani na fremu ya 1978. Imetengenezwa Machi 1984, wakati mzee yupo Leeds na baiskeli tayari ni yake. Mwanafunzi mgeni, kwa pesa ya mwanafunzi, gia ya zamani ilimfia au ilimchosha, akanunua mpya. Siwezi kufikiri ni nani mwingine angeifunga.

Mtu anayependa usahihi wa kiwandani atakushauri uitoe, utafute ya 1978 ili baiskeli iwe kamili. Ukinisikiliza mimi, iacheni hapo hapo. Ivueni, mzisafishe zile roda mbili ndogo kwa mafuta ya taa na mswaki, mtie tone la mafuta kwenye kila kiungo, mjaribu springi kwa kidole kama bado inarudi. Springi ikiwa hai, fungeni waya mpya, na kijana aanze na gia aliyoichagua babu yake.